Komeo la boneti si la kufungwa kwa waya

Siku ya tatu baada ya Idi tuliondoka Tanga mara baada ya Swala ya Alfajiri, tukirejea Dar es Salaam. Garini tulikuwa watu sita: wazazi wawili, bibi wa watoto, na watoto watatu, wawili wao wakiwa bado na hina viganjani. Tulikwisha kuipita Mkata, barabara ni nyoofu, na mwendo wetu ulikuwa kama kilomita 80 kwa saa. Mtoto wa kati, ambaye hupenda kutazama mbele kupitia katikati ya viti, akauliza: “Baba, mbona boneti inapumua?”

Tukamjibu kwamba ni upepo tu. Jibu hilo lilikuwa la kivivu, kwa sababu hata sisi tulikuwa tumeona ukingo wa boneti ukiinuka na kushuka kidogo kila tulipopishana na gari kubwa. Haikupita dakika moja, lori likatupita kwa upande wa pili, upepo wake ukatupiga, na boneti ikaruka. Ikajikunja juu ya kioo cha mbele kwa kishindo, kioo kikapasuka kama utando wa buibui, na mbele yetu pakawa ukuta wa bati.

Mwenyezi Mungu alitustiri. Nyuma yetu hapakuwa na basi, na pembeni palikuwa na nafasi ya kusimama. Mwanya mwembamba ulibaki chini ya boneti, karibu na bawaba, na kupitia mwanya huo tuliiona barabara kiasi cha kutosha kulitoa gari pembeni bila kulipindua. Bibi wa watoto alikuwa akisoma dua kwa sauti. Watoto hawakulia mpaka gari liliposimama.

Tuliposhuka kutazama, tulikuta waya wa kufungia nondo umekatika, ukining'inia mahali palipopaswa kuwa na komeo.

Kosa la watu wawili

Miezi minne kabla ya safari hiyo tulikuwa tumeigonga nguzo ya geti. Ajali ilikuwa ndogo: bampa lilipasuka, boneti ikapinda kidogo, na komeo lake, ambalo mafundi wengi huliita loki, likasogea. Fundi bodi aliinyoosha boneti na kuipaka rangi vizuri. Lakini komeo halikukubali tena kufunga. Akasema: “Mzee, loki nyingine ni gharama bure. Hii naikaza na waya, haitoki hata kwa dawa.” Tukacheka naye, tukamlipa, tukaondoka. Tuliporudi kulichunguza gari baada ya tukio, tuligundua kwamba alikuwa amekata pia kile kikulabu kidogo cha pili, kwa kuwa kilikuwa kimepinda na kikimzuia kufunga.

Fundi alikosea, kwa maana mwenye kupokea gari la watu amepokea amana. Lakini nasi tulikosea, kwa maana tuliuona waya kwa macho yetu tukaupenda kwa sababu ulikuwa rahisi. Bei ya kioo kipya, boneti nyingine na kuvutwa kwa gari ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya komeo tuliloliepuka. Na hiyo ni hesabu ya fedha tu. Tangu siku hiyo tumejifunza habari za kifaa hiki kutoka kwa mafundi waaminifu, na tumeona ni wajibu kuwaeleza wasomaji wenzetu, hasa wale ambao hubeba familia nzima katika gari moja.

Komeo hufanyaje kazi

Katika magari mengi tunayoyatumia, boneti ina bawaba upande wa kioo na hufunguka upande wa taa. Kwa hiyo upepo wa mwendo, ukipata mwanya, huiinua na kuitupa kioo kilipo. Kinachouzuia ni mfumo wenye sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni pete ya chuma iliyo chini ya boneti. Ya pili ni komeo lenyewe, lililofungwa kwenye chuma cha mbele juu ya rejeta. Ndani yake mna ulimi wenye umbo la uma, ambao huikamata pete boneti inaposhuka. Ya tatu ni kebo inayotoka kwenye komeo hadi kwenye mkono wa kuvuta, chini ya usukani. Ya nne ni kulabu ya usalama. Hii ndiyo unayoitafuta kwa kidole baada ya kuvuta mkono wa ndani, na ndiyo inayowaudhi watu wengi kwa kujificha.

Kulabu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kusumbua. Komeo la kwanza likiachia ghafla, kwa kutu, kwa kebo iliyokwama au kwa mtoto aliyevuta mkono wa ndani akicheza, boneti huinuka kwa sentimita chache tu kisha hukamatwa na kulabu. Dereva huona boneti imeinuka, hupunguza mwendo, hutoka barabarani. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 inataka kila boneti inayofunguka kwa mbele na kuweza kuziba macho ya dereva iwe na komeo la pili, au hatua ya pili ya kukamata. Huko huko, magari ya Nissan Altima, kuanzia toleo la 2013, yaliitwa kurudi kwa ajili ya marekebisho zaidi ya mara moja, kwa sababu kulabu ya pili iliweza kukwama ikiwa wazi kutokana na uchafu na kutu. Kama kulabu iliyokwama tu ni sababu ya kuyaita magari mengi hivyo, basi kulabu iliyokatwa kwa makusudi ni jambo zito.

Na jambo hili lina hesabu yake. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo juu ya boneti huongezeka mara nne. Ndiyo maana boneti iliyofungwa kwa waya inaweza kuvumilia mitaa ya mjini kwa miezi mingi, ikatudanganya kwamba imepona, kisha ikatusaliti siku ya safari ndefu, siku ambayo gari limejaa watu tuwapendao.

Kuchagua la kununua

Anayetafuta komeo jingine atakutana na aina tatu madukani, iwe Kariakoo, Ilala au mji wowote wenye maduka ya vipuri.

Ya kwanza ni komeo jipya la kampuni iliyotengeneza gari. Hili ndilo bora, na ndilo ghali. Ya pili ni komeo la mtumba, lililotolewa katika gari jingine la aina ile ile. Kwa kuwa magari mengi ya familia hapa kwetu yalitumika kwanza Japani, makomeo ya mtumba hupatikana kwa urahisi, na lililo zima laweza kutumika miaka mingi. Ya tatu ni komeo jipya lililotengenezwa na kiwanda kingine kwa kuiga lile la asili. Baadhi ni mazuri; mengine yana bati jembamba na springi dhaifu. Boksi zuri halimwambii mtu neno lolote kuhusu hilo.

Kabla ya kwenda dukani, andika namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari, na ikiwezekana beba komeo la zamani mkononi. Jina la gari pekee halitoshi, kwani gari lenye jina moja laweza kuwa na makomeo tofauti katika matoleo mawili. Linganisha matundu ya bolti, mahali kebo inapoingia, na urefu wa kulabu. Magari mengine yana swichi ndogo ya alamu kwenye komeo. Kama lako linayo, nalo la kununua liwe nayo.

Kisha lijaribu palepale dukani, mbele ya muuzaji. Chukua bisibisi, usukume fimbo yake ndani ya uma kana kwamba ndiyo pete ya boneti. Ulimi unapaswa kufunga kwa mlio mmoja mkavu. Vuta bisibisi kwa nguvu; isitoke. Sasa vuta mahali pa kebo; ulimi urudi wenyewe kwa haraka. Kama unarudi kwa kusitasita, springi imechoka. Sukuma kulabu ya usalama kwa kidole na kuiachia. Nayo irudi mahali pake bila kusaidiwa. Tazama kama pini zake zina kutu iliyokula chuma, au kama ilipinda ikanyooshwa. Kwa la mtumba, alama ya kunyooshwa ni sababu ya kuliacha, kwa kuwa huenda lilitoka katika gari lililogongwa. Muuzaji mwaminifu hatachukia majaribio haya. Anayechukia, mwage kwa salamu njema uende duka la pili.

Kulifunga

Kazi hii si kubwa. Fundi mwenye uzoefu huimaliza kwa muda mfupi, na mwenye gari aliye makini anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Hata kama utampa fundi, simama uione. Hatua zake ni hizi.

Fungua boneti na uiegemeze vizuri. Piga picha ya komeo la zamani kwa simu, uone kebo inavyopita. Kwa kalamu ya wino mzito au kwa msumari, chora mstari kuzunguka komeo mahali lilipokaa kwenye chuma. Mstari huo utakuwa mwongozo wako. Halafu fungua bolti, ambazo mara nyingi ni mbili au tatu na hufunguliwa kwa spana namba 10 au 12. Chomoa ncha ya kebo kutoka kwenye kitundu chake kwa upole. Kama kebo imechakaa au nyuzi zake zimeanza kukatika, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Kama gari liligongwa, huu ndio wakati wa kukikagua chuma cha mbele. Kikiwa kimepinda, komeo jipya litakaa upande, na pete haitaingia katikati ya uma. Hapo ndipo wengi hushawishika kukata kulabu au kupanua matundu kwa moto. Dawa ni kukinyoosha chuma kwanza, au kukibadilisha.

Safisha mahali pa kukalia, weka komeo ndani ya mstari uliouchora, na uzikaze bolti kidogo tu, kiasi kwamba komeo linaweza kusogezwa kwa mkono. Unganisha kebo. Sasa usifunge boneti. Rudia kwanza jaribio la bisibisi: sukuma bisibisi ndani ya uma ulimi ufunge, kisha mtu mwingine avute mkono wa ndani. Ulimi ukifunguka, unaweza kuendelea. Ukipuuza hatua hii na kebo ikawa haikushika, utaifunga boneti na hutaweza kuifungua.

Shusha boneti polepole, ukichungulia kwa pembeni, uone kama pete inaingia katikati. Kama inagusa upande mmoja, sogeza komeo. Kama boneti ikifungwa inakaa juu kuliko mabawa ya gari, au inachezacheza, rekebisha kimo cha komeo, kisha zungusha ile mipira miwili ya pembeni ambayo boneti huipumzikia, mpaka ikae imara bila kulazimishwa. Mipira hiyo ndiyo huzuia boneti “kupumua”. Ukiridhika, kaza bolti zote sawasawa, na upake grisi kidogo kwenye ulimi, kwenye pini na kwenye kulabu.

Jaribio la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Shusha boneti hadi ibaki kama sentimita 20 au 30, kisha iachie ijifunge kwa uzito wake. Vuta ukingo wake kwa mikono miwili, isitikisike. Halafu vuta mkono wa ndani. Boneti inapaswa kuinuka kidogo na kukwama. Ijaribu kuiinua bila kugusa kulabu: ikatae. Kama inakubali kufunguka, kazi haijakwisha, hata kama fundi amekwisha kuosha mikono.

Vipi kuhusu pini na makufuli ya ziada?

Vijana wengi wanapenda pini za boneti kama zile za magari ya mashindano: vyuma viwili vilivyosimama juu ya chuma cha mbele, vikipenya matundu ya boneti na kufungwa kwa vibanio juu yake. Wengine huchagua aina ya kisasa inayolala sawa na bati, yenye kitufe au ufunguo. Magari ya mbio huzitumia kwa sababu boneti zake nyingi ni nyepesi, za fiba, na makomeo yake ya kawaida huondolewa. Katika gari la familia, wapo wanaoziweka ili kumzuia mwizi wa betri, na wapo wanaozipenda kwa sura tu.

Hatuzikatai, ila kwa sharti moja: ziwe nyongeza. Komeo la asili na kulabu yake vibaki na vifanye kazi. Kibanio cha pini hutegemea mkono wa mtu. Akisahau kukirudisha, hakuna kitu cha pili cha kumkumbusha. Kulabu ya usalama hujifunga yenyewe, hata kwa dereva aliyechoka au mwenye haraka.

Anayeamua kuziweka ahakikishe kwamba ni mbili, moja kila upande, karibu na ukingo wa mbele, na zimesimama juu ya chuma kigumu. Zisifungwe kwenye plastiki. Kupata mahali pa kutoboa, paka rangi kidogo kwenye ncha za pini na ushushe boneti taratibu mpaka iache alama kwa ndani. Toboa kwanza tundu dogo, hakiki, ndipo ulipanue. Kumbuka kwamba boneti ina mabati mawili, la nje na la ndani, na yote mawili hutobolewa. Weka bati la kukazia chini ya nati ili tundu lisichanike, na upake rangi kingo zote zilizokatwa. Ukiziacha wazi, hasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi, kutu itaingia ndani ya mabati. Kama ni za ufunguo, kila anayeliendesha gari hilo nyumbani awe na ufunguo na ajue kuzifungua.

Ikiruka barabarani

Tunaomba yasimfike mtu yeyote, lakini ni vizuri kila dereva ajue. Usikanyage breki kwa ghafla, na usizungushe usukani kwa hofu. Ushike usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, na utazame kupitia mwanya ulio chini ya boneti au kupitia dirisha la pembeni. Punguza mwendo kidogo kidogo, kisha toka barabarani. Na kama boneti haijaruka ila imeanza kuinuka na kushuka, usiseme ni upepo tu. Simama mahali salama, ufungue na kufunga tena. Isipokaa, usiendelee na safari.

Desturi mpya ya nyumba yetu

Kila gari linapobadilishwa oili, sasa tunamwomba fundi alisafishe komeo kwa brashi na mafuta ya taa, alikaushe, alipake grisi, na aijaribu kulabu mbele yetu. Kabla ya safari ndefu, matairi na maji ya rejeta hukaguliwa kama zamani, lakini kazi ya boneti amepewa yule mtoto wa kati. Yeye huvuta mkono wa ndani, huja mbele, hujaribu kuinua boneti bila kugusa kulabu, na inapokataa hutangaza kwa sauti: “Imeshika!” Hapo ndipo bibi yake hukubali kupanda.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni nguzo ya msafiri, na dua ya safari hatuiachi. Lakini kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kukaza bolti. Yule fundi tulimrudia, tukamweleza yaliyotupata bila kumtukana. Alinyamaza kwa muda, akatazama chini, kisha akasema: “Mzee, ninayo magari mengine mawili niliyoyafunga hivyo.” Tukaketi naye siku hiyo hiyo kuwapigia simu wenyewe. Mmoja alikuwa anajiandaa kwenda Lindi na mkewe na watoto.